Picha inaanza saa ngapi?

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu alinitumia kwa WhatsApp rasimu ya ratiba ya miezi mitatu. Yeye na wenzake wamepata ukumbi Mji Mkongwe, ghorofa ya chini ya nyumba ya zamani: viti 50 vya kukunja, projekta nzuri, na ukuta uliopakwa rangi nyeupe uwe skrini. Wanataka kuonyesha filamu ambazo hazifiki kwenye sinema za maduka makubwa wala hazipiti kwenye televisheni. Filamu za matamasha, filamu za zamani zilizosafishwa upya, filamu za waongozaji ambao majina yao huyajui mpaka uambiwe. Aliniomba niisome halafu nimwambie ukweli, nisimwonee haya.

Mara ya kwanza niliisoma nikafurahi. Mara ya pili nilishika kalamu, nikaanza kuzungushia maduara penye shaka. Nilipomaliza nikaona karibu maduara yote yameangukia safu moja, na haikuwa safu ya majina ya filamu. Ilikuwa safu ya saa.

Jumanne na Alhamisi, saa moja kamili usiku. Basi. Miezi mitatu mizima.

Aliyelelewa Unguja anajua saa moja usiku ni saa ya namna gani. Magharibi imeshasaliwa, isha bado. Wanaume wametoka msikitini, wamekaa barazani wanangoja adhana nyingine. Wanawake wako jikoni, au wamekaa nje na karai la mafuta wanauza. Watoto ndiyo kwanza wametoka chuoni. Ni kipande cha muda kinachotosha kahawa vikombe viwili na habari za mtaani, hakitoshi jambo la dakika 100. Lakini kwa mgeni aliyefikia hoteli ya Shangani, saa moja ndiyo yenyewe: jua limeshazama Forodhani, picha zimeshapigwa, chakula cha usiku bado mapema. Kwa hiyo ratiba ile, kabla haijachagua filamu hata moja, ilikuwa imeshachagua watazamaji. Na rafiki yangu hakukusudia hivyo; ni mtoto wa Malindi. Aliandika saa moja kwa sababu kila kalenda ya sinema aliyowahi kuiona imeandikwa saa moja.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa, maana naona tunazungumza sana juu ya sinema za Zanzibar na karibu kila mara tunazungumzia kuta.

Mtu akitaja sinema Mji Mkongwe, dakika ya pili mmeshafika Vuga, mmesimama mbele ya Majestic. Ni haki yake. Jumba la kwanza hapo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, likiitwa Royal, kwa ramani ya J. H. Sinclair, yule Mwingereza aliyeuachia mji huu majengo mengi yenye matao na kuba. Likaungua miaka ya 1950, na mwaka 1955 likasimama jengo hili tunalolijua, la mtindo wa Art Deco, mtindo ambao Ulaya ulikuwa umeshachujuka lakini hapa ukaonekana wa kesho. Kwa miaka mingi sasa ukumbi wake umekaa bila paa. Kila baada ya muda huja mazungumzo ya kulifufua, michoro mizuri ikaonyeshwa, watu wakapiga makofi. Mimi pia nalipenda jengo lile. Na baada ya sehemu ya Beit el Ajaib kuporomoka Desemba 2020, nadhani hakuna mtu mjini anayehitaji kuelezwa kwa nini majengo ya zamani yashughulikiwe mapema.

Ila nikiwauliza wakubwa walioingia Majestic wakati wake, hawanielezi paa. Wananieleza siku.

Mama mkubwa wangu, ambaye mwaka huu katimiza 81, hakumbuki viti vya Majestic vilikuwa vya rangi gani. Anakumbuka zanana. Hayo ni maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, yaliyokuwa maarufu hapa Unguja tangu zamani za mama zake. Anasema walikuwa wanatoka mtaani watu saba wanane kwa mkupuo mmoja, mabuibui meusi, watoto wa mikononi, mfuko wa kashata, na mtu mzima mmoja wa kuwaombea ruhusa kwa waume na mababa. Ruhusa ilikuwa rahisi kwa sababu siku ilijulikana. Haikuwa habari ya kwenda "mahali fulani jioni fulani". Ilikuwa zanana, kama vile mtu anavyosema anakwenda mazikoni au harusini, na hakuna wa kuuliza zaidi.

Jumapili ilikuwa ya picha mpya za Kihindi, na tiketi zikimalizika dirishani walikuwapo walanguzi pembeni. Idi ilikuwa na picha zake, na nyingi zilikuwa za Kimisri, za waimbaji ambao sauti zao zilikuwa zimeshaingia kwenye taarabu yetu kabla ya nyuso zao kuingia kwenye skrini. Mwanahistoria Laura Fair, aliyefanya kazi ya miaka mingi juu ya watazamaji wa sinema wa Tanzania, ameeleza jinsi nakala moja ya filamu ilivyokuwa ikionyeshwa kwenye majumba zaidi ya moja usiku huo huo: mkanda wa kwanza ukimalizika kwenye jumba hili, kijana anaupakia kwenye baiskeli anaukimbiza jumba la pili, anarudi kuchukua wa pili. Fikiria kijana yule kwenye vichochoro vya mji huu, gizani, na bati la filamu kwenye kerieri, wakati watu mia kadhaa wamekaa wanamsubiri. Akichelewa dakika tano, mluzi. Ratiba ya jumba zima ilikuwa kwenye miguu yake.

Sababu za kufa kwa sinema zile zinajulikana na sitazirefusha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba yalitaifishwa, uagizaji wa filamu ukawa jambo la serikali. Televisheni ya rangi ikafika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka 20 kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote. Halafu zikaja kanda za video. Watu hupenda kumaliza hadithi kwenye video. Mimi naona kilichotangulia kufa ni uwezo wa msimamizi wa jumba kusema "Jumapili hii nitaweka picha hii, kwa sababu nawajua wanaokuja Jumapili." Ukishamnyang'anya mtu huyo uchaguzi, ukampa filamu zilizopo badala ya filamu zinazongojwa, jumba linabaki na paa lake, viti vyake na projekta yake, na bado limeshakuwa ghala.

Tuna tamasha, bila shaka. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ilifanyika kwa mara ya kwanza 1998, na kwa watu wa rika langu ndiko tulikoona kwa mara ya kwanza filamu ya Burkina Faso, filamu ya Iran, filamu ya Mtanzania mwenzetu kwenye skrini kubwa chini ya nyota, tumekaa kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe na ubaridi unapanda mgongoni. Iliwahi kupeleka filamu hata vijijini, Unguja na Pemba. Sina deni la shukrani kubwa kuliko hilo. Lakini tamasha ni kama mwezi wa arusi: watu wanavaa, wanakula, wanalala usiku wa manane, halafu mahema yanakunjwa. Haliwezi kumfundisha mtu tabia ya kwenda sinema, kama vile kula pilau la arusi hakumfundishi mtu kupika. Tabia inafundishwa na siku ile ile, saa ile ile, wiki baada ya wiki, hata siku za mvua ambapo wamekuja watu tisa.

Nirudi kwenye rasimu. Rafiki yangu hakunificha kwamba ameiga kalenda za sinema ndogo za nje, na akanitajia moja ambayo na mimi huwa naifuatilia: The Frida Cinema, iliyo katikati ya mji wa Santa Ana, California, kwenye eneo lenye wasanii na maduka ya Wamarekani wenye asili ya Mexico. Ilifunguliwa 2014, inaendeshwa bila kutafuta faida, ina skrini mbili, na jina imelichukua kwa mchoraji Frida Kahlo. Kalenda yake ukiiangalia unapata kizunguzungu kizuri. Filamu nyingi zinakaa siku moja, mbili, tatu, zinaondoka. Kesho kitu kingine kabisa, keshokutwa filamu ya miaka 40 iliyopita, usiku wa manane ya kutisha. Kila mwezi una mada zake. Ukiwa mpenzi wa filamu unatamani uhamie mtaa ule.

Kalenda ya namna hiyo inafanya kazi pale kwa sababu watazamaji wake ni watu wanaosoma kalenda. Mtu anaona kwenye simu kwamba tarehe 14 kuna filamu anayoipenda, ananunua tiketi siku kumi kabla, siku ikifika anawasha gari anakwenda. Filamu ya siku moja inamtosha. Ni mkataba baina ya jumba na mtu mmoja mmoja, kila mmoja kwake.

Mji Mkongwe habari haiendi hivyo. Inapita barazani. Mtu ameona picha Alhamisi. Ijumaa baada ya sala amekaa maskani anaisimulia, anaiga sauti, anasimama kuonyesha stelingi alivyopigwa. Anayemsikiliza anasema uongo huo. Wanabishana mpaka kahawa inapoa. Jumamosi watu sita wanataka kwenda kuona nani mkweli. Wanafika ukumbini wanakuta filamu imeshaondoka. Limebaki bango lake, na la wiki ijayo, lenye jina la Kijerumani. Hao sita hawarudi tena. Uliwapata bure, bila tangazo la senti moja, halafu ukawapoteza kwa sababu filamu yako ilikuwa na haraka kuliko mazungumzo ya mtaa.

Ukitaka kuona filamu inavyokaa mjini ikipewa nafasi, nenda kona ile ya njia panda ambako wazee wanacheza dhumna na keram, wanakunywa kahawa na kubishana siasa. Inaitwa Jaws Corner. Inasimuliwa kwamba jina limetokana na filamu ya papa ya 1975, na papa mwenyewe amechorwa pale ukutani na meno yake yote. Vijana wengi wanaokaa pale leo walizaliwa baada ya majumba kufungwa. Filamu imekwisha kuwa anwani.

Kwa hiyo duara langu kubwa kuliko yote nililizungusha kwenye Vuta N'kuvute. Hii ni filamu ya Amil Shivji, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, inatokea Unguja hii hii siku za mwisho za ukoloni. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, baadaye ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu filamu iitwayo Maangamizi, ya 2001. Rasimu iliipa usiku mmoja. Usiku wa ufunguzi, na mgeni rasmi, na hotuba. Nikaandika pembeni: "Filamu ya vichochoro hivi, kwa lugha hii, unaionyesha mara moja kwa watu walioalikwa kwa kadi?" Ningeiweka kila Jumamosi kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza watakuja waliosoma kitabu skuli. Wiki ya pili watakuja kutafuta nyumba zao kwenye picha, na niamini, mtu atasimama katikati ya onyesho aseme "hapo ni kwa akina fulani!" Wiki ya tatu watakuja wazee kupinga kwamba mambo hayakuwa hivyo. Wiki ya nne ndipo utakapokuwa na ukumbi.

Filamu za kigeni zibaki. Sitaki kuonekana nasema Mji Mkongwe uonyeshwe Zanzibar peke yake. Mji huu haujawahi kuishi hivyo. Watu wa hapa walimpenda Raj Kapoor kwenye Awaara ya 1951 kama ndugu yao, na wengi wao hawakujua Kihindi zaidi ya maneno ya nyimbo. Ugeni wa filamu haujawahi kuwa tatizo letu. Tatizo la rasimu ni kwamba filamu 13 kati ya 24 zilikuwa na tafsiri ya maandishi kwa Kiingereza tu, na hapo hapo chini ya ratiba kuna mstari wa adabu: "Tafadhali kaa kimya wakati wa onyesho."

Mstari huo ulinikumbusha usiku mmoja, miaka michache nyuma, kwenye ukumbi mmoja mdogo wa hapa mjini. Ilikuwa filamu ya Tunisia, mazungumzo kwa Kiarabu, maandishi ya chini kwa Kifaransa. Safu ya pili alikaa mzee mmoja aliyeishi Muscat ujana wake, kaja na wajukuu wawili. Dakika ya tano akaanza kuwafasiria. Si kwa kunong'ona. Kwa sauti ya mtu aliyezoea upepo wa bahari. "Anamwambia, baba yako alikufa na deni." Kimya. "Sasa huyu anakana." Watu wa safu ya tatu wakasogeza viti mbele. Mama mmoja nyuma akauliza, "Deni la nini?" Mzee akageuka akamjibu: "La shamba." Nusu ya ukumbi ikashusha pumzi, kumbe la shamba. Kisha akaja kijana wa waandaaji, kwa heshima kabisa, akamwinamia: "Babu, samahani, kuna watu wanaangalia." Mzee akanyamaza. Nilihesabu. Haikupita robo saa, mwanga wa simu ulikuwa umeenea safu nne.

Waliokuwa wanaangalia, hasa, walikuwa wale waliokuwa wanamsikiliza.

Bara wanalijua hili, na wamelifanya kazi ya kuajiri watu. Lufufu, DJ Mack na wenzao walichukua filamu za Hong Kong, India na Hollywood wakaweka sauti zao juu ya mazungumzo, wakatafsiri, wakaeleza, wakatania, wakampa jambazi wa Kichina lafudhi ya Kimanyema. Wasomi wa filamu waliwacheka kwa muda mrefu, na wenye haki za filamu wana malalamiko yao ya kweli kuhusu kanda zilizonakiliwa bila ruhusa. Lakini vibanda umiza vilijaa. Kazi ile ni sanaa, na hakuna kinachozuia ukumbi wenye ruhusa zote mkononi kuwa na usiku mmoja kwa wiki wa mfasiri wa papo kwa papo: mtu mwenye maikrofoni, aliyeiona filamu mara tatu, anayejua lini aongee na lini aache picha iongee. Alhamisi ya kimya kwa wanaotaka kimya. Jumamosi ya mfasiri. Mimi ningekwenda zote mbili, na nadhani Jumamosi ningewahi kiti mapema.

Kuna filamu tatu kwenye rasimu ambazo nilizikata kwa mstari mmoja bila maelezo, na rafiki yangu aliuliza kwa nini. Ni zile za kuelimisha: moja ya taka za plastiki, moja ya lishe, moja ya ujasiriamali wa vijana, zote zimelipiwa na wafadhili na zinakuja na mjadala wake na maji ya chupa. Nikamkumbusha Vugiri. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, chini ya mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Mpaka 1937 walikuwa wametoa filamu fupi zaidi ya 30 za kumfundisha Mwafrika kilimo bora, usafi, kodi, na kuweka akiba posta. Zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland. Miaka hiyo hiyo, huku Unguja, watu walikuwa wanatoa pesa zao mfukoni kumwangalia Abdel Wahab wa Misri akiimba. Ukumbi wa viti 50 ukishanuka semina, hata siku ya picha nzuri watu watakuuliza kama kuna posho.

Mambo ya pesa niyapitie haraka, kwa kuwa rafiki yangu anayajua kuliko mimi. Tiketi ya mwenyeji isizidi bei ya bakuli la urojo; mtu akiwa njiani anachagua baina ya hivyo viwili, wala hachagui baina ya filamu na filamu. Mgeni alipe zaidi, na aambiwe wazi kwamba anamlipia jirani. Tuna methali ya mgeni njoo, tuitumie. Kuhusu haki za kuonyesha, filamu za nje zinataka barua, mkataba, ada kwa kila onyesho, na faili linaloweza kukwama njiani; filamu za watu wetu mara nyingi zinataka simu moja, kwa kuwa mwongozaji yuko Dar es Salaam na ana hamu kuliko wewe. Ni sababu nyingine ya kuanza nazo. Halafu kuna kibali. Zanzibar filamu inapitia kwa Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na huwezi kupeleka orodha Jumatatu ukitaka kuonyesha Jumanne. Wengi wanalalamikia hilo. Kwa ratiba naliona lina faida yake: linakulazimisha ujue wiki sita kabla unafanya nini na kwa nini, kitu ambacho wapenda sanaa wengi hatukijui hata asubuhi ya siku yenyewe.

Kitu cha mwisho nilichokizungushia duara ni nafasi tupu. Idi inaangukia katikati ya miezi yao mitatu, na kwenye rasimu wiki ile imeandikwa "mapumziko". Nilibaki naiangalia. Siku nne za sikukuu, watoto wa mji mzima na wa Ng'ambo wamevaa nguo mpya, wameshapita nyumba za mashangazi na wajomba kukusanya sikukuu zao, mifuko inalia sarafu, wanaelekea Mnazi Mmoja kutafuta pa kuzitumia: aiskrimu, pembea, bastola za maji. Na ukumbi umefungwa kwa kuwa waandaaji nao wanakwenda kula. Jariwalla, aliyekuwa tajiri wa sinema wa hapa Unguja enzi zile, angeiona rasimu ile angedhani ni mzaha. Mwezi wa Ramadhani ndio wa kufunga ukumbi, utie rangi, utengeneze viti. Idi unafungua saa nne asubuhi hufungi mpaka usiku.

Nilimrudishia karatasi yake Ijumaa. Alhamisi usiku, saa mbili na nusu, onyesho la watazamaji kukaa kimya. Jumamosi usiku, saa ile ile, na mfasiri. Jumapili saa kumi alasiri, wanawake na watoto, mlinzi wa mlangoni mwanamke, wavulana wa zaidi ya miaka kumi wabaki nje wakamatane na mpira. Filamu 24 zikawa 11, kila moja inarudi mara tatu au nne. Alinipigia simu. Hakukasirika, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyenyolewa bila maji.

"Filamu kumi na moja kwa miezi mitatu? Watasema hatuna filamu."

"Nani watasema?"

Akataja watu wanne. Wote nawafahamu, wote wana pasi za matamasha shingoni, na wote wanne wanaweza kukaa kwenye sofa moja.

Tukakubaliana afanye majaribio mwezi mmoja, aanze na Jumapili. Nikamwomba nafasi moja tu ya upendeleo, onyesho la kwanza la alasiri, na kabla hajakata simu nikamwambia filamu. Jioni nikapita kwa mama mkubwa. Alikuwa sebuleni anachambua mchele. Nikamweleza kuna ukumbi mdogo unafunguliwa, Jumapili alasiri itakuwa ya wanawake, kama zanana, na wataanza na Awaara. Hakuinua kichwa. Akauliza ukumbi uko mtaa gani, nikamwambia. Akauliza ngazi ngapi, nikamwambia hakuna ngazi, ni chini. Akauliza nani mwingine anakwenda, nikataja majina mawili ya majirani zake. Akaendelea kuchambua kwa muda, anatupa chuya kwenye kifuniko.

"Na nyimbo," akasema, "hawazikati?"